Chapo ya kukunja: chakula cha haraka nyumbani, na pesa inayobaki kwa simu

Mwisho wa mwezi mmoja, sisi wa ofisi ya Lodwar tulikaa chini tukafungua stetimenti zetu wenyewe. Kila siku tunawaambia wateja wazikague zao, lakini zetu tulikuwa hatujazigusa. Tulichoona kilitunyamazisha. Hakuna aliyekuwa amenunua kitu kikubwa. Ilikuwa ni sabini hapa, mia na hamsini pale, themanini ya boda na arobaini ya soda, kila siku ya kazi, kati ya saa sita na saa nane mchana. Mwenzetu mmoja alikuwa amelipa kibanda kile kile mara ishirini na mbili kwa mwezi. Alipomwambia mwenye kibanda, yule mama alicheka akasema, "Basi wewe ndiye unanilipia kodi."

Si kwamba kula kibandani ni kosa. Vibanda ni wateja wetu pia, na kuna siku huna namna. Shida ni kwamba pesa ndogo ndogo za simu hazina uchungu. Noti ya mia mbili ukiitoa mfukoni unaiona ikienda. Kwa simu unabonyeza PIN, meseji inaingia, unaendelea na maisha.

Kwa hivyo tulianza kupika, na tukachagua kitu ambacho hata mtu aliyechoka anaweza: chapati iliyokunjwa na mboga, ndengu au samaki ndani. Nairobi wanafunzi wanajua smocha, yaani chapati na smoki. Uganda wana rolex, ambayo jina lake halihusu saa ya mkononi, ni maneno ya Kiingereza "rolled eggs" yakisemwa haraka haraka. Yetu ni ndugu ya hizo, ila ina mboga nyingi na mafuta kidogo. Somo hili ni la jinsi tunavyoitengeneza, tulipokosea, na jinsi inavyobadilisha kile unachokiona kwa simu yako mwisho wa mwezi.

Hesabu kwanza

Bei za hapa zinapanda na kushuka. Mboga nyingi zinazouzwa Lodwar hupanda lori Kitale, na laga zikijaa barabara inakatika, nyanya inageuka dhahabu. Kwa hivyo chukua namba zifuatazo kama mfano tu, kisha uweke za sokoni kwako.

Tuseme unga wa ngano kilo moja ni shilingi 100, mafuta ya 40, ndengu nusu kilo 100, sukuma au kabeji ya 50, nyanya na vitunguu 60, makaa ya 50. Jumla ni 400. Kilo moja ya unga inatoa chapati kama kumi na mbili za ukubwa wa sahani, na nusu kilo ya ndengu kavu ikiiva inatosha kuzijaza zote. Kila moja imekugharimu kama shilingi 33. Ukinunua kumi na mbili kama hizo kibandani kwa 70 moja, umelipa 840. Tofauti ni 440, na hiyo ni ya kupika mara moja tu.

Usitupigie simu ukisema kwako makaa ni mia. Weka mia. Hata hivyo utaona tofauti ipo.

Chapati inayokunjika bila kupasuka

Watu wengi wakisikia chapati wanawaza Krismasi: kukanda, kupaka mafuta, kuzungusha kama konokono, kusubiri, jasho. Hiyo ni chapati ya sherehe. Ya kukunja ni rahisi zaidi kwa sababu huitaki iwe na tabaka. Unaitaka iwe nyembamba na laini.

Unga kilo moja, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vitatu vya kula, maji ya uvuguvugu kidogo kidogo hadi unga ushikane na usigande mkononi. Kanda dakika kumi. Funika, uache nusu saa. Usiruke hiyo nusu saa, maana unga ukipumzika unalegea na kusukumika bila kurudi nyuma kama raba. Kata madonge kumi na mawili, sukuma kila moja iwe nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Kama huna mpini wa kusukumia, chupa safi ya kioo inafanya kazi. Pika kwenye pan kavu yenye moto mzuri, dakika moja kila upande, pakapo mafuta kidogo tu kwa kijiko.

Halafu kuna hatua ambayo wengi wanaisahau. Ikitoka motoni iweke ndani ya kitambaa safi na ufunike, ya pili juu yake, ya tatu juu ya hiyo. Mvuke wao wenyewe ndio unaolainisha. Chapati iliyoachwa wazi kwenye upepo wa Lodwar inakauka ndani ya dakika tano, na ukiikunja inavunjika kama karatasi ya mtihani.

Ukitaka iwe na afya zaidi, changanya unga wa mtama: sehemu moja ya mtama kwa sehemu mbili za ngano. Usizidishe. Mtama hauna ule mvuto ambao ngano inao, kwa hivyo ukiongeza sana chapati inameguka. Unga wa ata, ule wa kahawia, pia ni mzuri maana una kapi, na kapi inakufanya ushibe muda mrefu. Ukinunua unga wa pakiti, angalia kama una alama ya kuongezewa virutubisho. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka viwanda viongeze vitamini na madini kwenye unga wa ngano na wa mahindi.

Na kama kukanda kwenyewe hutaki? Chapati za maji. Unga vikombe viwili, yai moja, chumvi, maji hadi uwe kama uji mwepesi, kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo ukipenda. Mimina upawa mmoja kwenye pan, zungusha, geuza. Dakika mbili moja. Mwenzetu anayeishi peke yake Kanamkemer hupika hizi tu, na anasema tangu azijue hajakanda unga tena. Tunamwamini, tumeona mikono yake.

Waliotutangulia: Kakuma

Tulidhani tumegundua kitu. Kisha tukaenda Kakuma kwa kazi, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, tukatambua kwamba huko kukunja chakula ndani ya mkate mwembamba ni jambo la kila siku.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata 2016. Watu wametoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingine, na kila mtu amekuja na mkate wake. Kwa Waethiopia ni injera ya unga wa tefu uliochachuka, ambayo ni sahani, kijiko na chakula kwa pamoja. Unamega kipande, unakunjia mchuzi wa dengu, unakula. Kwa Wasomali ni anjera, ndogo na laini zaidi, yenye vitundu vitundu juu. Kwa watu wa Sudan ni kisra, ya unga wa mtama uliochachuka, iliyopakwa kwenye pan ya moto hadi inakuwa nyembamba kama kitambaa.

Kisra ndiyo iliyotufungua macho. Mtama ni nafaka ambayo familia nyingi za Kakuma zimekuwa zikipata kwenye mgao, na tumesikia wengi wakisema hawajui la kufanya nao zaidi ya ugali. Dada mmoja Kakuma Moja alituonyesha. Unachanganya unga wa mtama na maji na kipande kidogo cha unga wa jana uliochachuka, unafunika. Sehemu za baridi ungesubiri usiku kucha. Kwa joto la Turkana, saa chache zinatosha, na ukichelewa unakuwa mkali kama siki. Kisha unaongeza maji na unga wa ngano kidogo ili ushikane, unapaka pan mafuta kiasi cha kung'aa tu, unamimina na kuusambaza haraka kwa kipande cha plastiki safi au ubao mwembamba. Hugeuzi. Kingo zikianza kuinuka, imeiva.

Ya kwanza yetu ilitoka kama ramani ya Afrika. Ya pili kama ramani ya Afrika iliyoraruka. Ya sita ilikunjika.

Anjera ni rahisi kidogo: unga wa ngano na wa mahindi au mtama, hamira nusu kijiko cha chai, maji, chumvi, uache uumuke. Mimina katikati ya pan, zungusha kwa mgongo wa upawa kutoka ndani kwenda nje, funika. Inaiva upande mmoja tu, na vile vitundu ndivyo vinavyonyonya mchuzi.

Ndani tuweke nini?

Kanuni yetu ni hii: ukiifungua, nusu ya kilicho ndani iwe mboga. Robo iwe kitu cha kujenga mwili, yaani ndengu, maharagwe, yai, samaki au nyama. Kilichobaki ni ladha.

Ndengu ndizo tunazozipenda zaidi kwa sababu zinaiva haraka na hazili makaa. Loweka asubuhi, jioni zinaiva kwa dakika ishirini au ishirini na tano. Ukitaka kubana makaa zaidi, zichemshe dakika kumi, funika sufuria kwa mfuniko wake, ifunge ndani ya blanketi nzito, iache saa moja. Zitaendelea kuiva zenyewe. Maharagwe mekundu ni hadithi nyingine. Yaloweke usiku, umwage maji yale, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu inayosumbua tumbo. Haya hatuyaweki kwenye blanketi kabla ya kuchemka vya kutosha.

Nafaka na mikunde zikiliwa pamoja zinakamilishana. Kile ambacho protini ya ngano au mtama inakosa, ndengu na maharagwe wanacho, na kinyume chake. Ndiyo maana chapo na ndengu si chakula cha mtu asiye na pesa. Ni chakula kamili, na nyama ikikosekana hakuna haja ya kujisikia vibaya.

Samaki wa Kalokol tunaye karibu, na ni aibu tukila smoki za kutoka mbali huku ziwa liko pale. Ngege au mbuta mkavu anaoshwa, analowekwa, anachemshwa kidogo, unatoa miba yote kwa vidole (yote, hasa kama kuna watoto), kisha unamkaanga na kitunguu na nyanya. Kiganja kimoja cha samaki kinatosha watu wanne ukichanganya na kabeji. Wasomali nao wana nyirinyiri, nyama iliyokatwa ndogo ndogo ikakaangwa hadi ikauke na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hiyo kijiko kimoja tu kwa kila chapo, ni nzito.

Kwa mboga, majani ya kunde, mchicha, sukuma au kabeji, chochote kilicho bei nzuri siku hiyo. Kata, kaanga dakika tatu, toa ikiwa bado ya kijani. Kachumbari tunaiweka pia, lakini sharti nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji yaliyotibiwa. Kama huna uhakika na maji, kaanga kila kitu. Usibahatishe na kipindupindu.

Kamulia ndimu au weka nyanya. Si kwa ladha tu. Vitamini C iliyo ndani inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye ndengu na majani, na upungufu wa damu ni jambo ambalo kina mama wajawazito na watoto wanahitaji kulikwepa. Na hapa tunajua tutagombana na nusu ya wasomaji wetu: chai. Chapo bila chai, kweli? Majani ya chai yanazuia chuma kunyonywa. Kunywa chai yako, lakini iache kama saa moja baada ya kula. Sisi wenyewe ilituchukua wiki mbili kuzoea, na kuna mmoja hajazoea hadi leo.

Kwa watoto wanaokwenda shule, paka siagi ya karanga, weka ndizi nzima ndani, kunja. Haimwagiki, haiharibiki upesi, na inamshibisha.

Siku tuliyoharibu

Tulitaka kuficha hii, lakini ina somo kubwa kuliko mengine yote.

Tulikuwa na safari ya kwenda Kakuma kufundisha wafanyabiashara. Tukaamka saa kumi alfajiri, tukapika rolex za mayai na nyanya, tukazikunja, tukazifunga kwa foili, tukaziweka kwenye mkoba nyuma ya gari. Tulijiona wajanja. Tumeokoa pesa ya chakula ya watu wanne. Mafunzo yakaanza saa tatu, yakachelewa, tukala saa saba mchana chini ya mti. Zilinukia vizuri kabisa. Usiku ule wawili kati yetu hawakulala, na kesho yake mmoja akawekwa maji ya dripu. Pesa tuliyookoa ilikwenda hospitalini, na zaidi yake.

Kosa halikuwa la mayai. Lilikuwa la saa. Chakula kilichopikwa chenye yai, nyama, samaki, wali au maharagwe hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, ni saa moja tu. Sasa niambie, Lodwar ni siku gani mchana haipiti nyuzi 32? Vijidudu havingoji chakula kinuke. Rolex zetu zilikaa karibu saa nane ndani ya foili ya moto, mahali pazuri kabisa pa kuvilea.

Tangu siku hiyo tunakunja wakati wa kula, si wakati wa kupika. Chapati tunabeba kavu, ndani ya kitambaa. Nyanya, ndimu na kitunguu tunabeba vizima na kisu. Ndengu tunazibeba kwenye flaski yenye mdomo mpana: kwanza unaijaza maji yanayochemka, unaiacha dakika kumi ili ipate joto, unayamwaga, ndipo unatia ndengu zikiwa bado zinatokota na kufunga papo hapo. Unapofungua mchana, ziwe bado za moto wa kuunguza ulimi. Kama ni za vuguvugu, mwaga. Tunajua inauma kumwaga chakula Turkana. Lakini dripu inauma zaidi.

Nyumbani bila friji, pika kitoweo cha mlo mmoja tu. Chapati kavu zinaweza kukaa hadi kesho yake, ndengu kavu zinakaa miezi kwenye debe lililofungwa, kabeji nzima inakaa siku kadhaa kivulini. Ndiyo maana tunasema nunua vikavu kwa wingi na vibichi kidogo kidogo.

Sasa tuje kwa simu

Tulichofanya sisi ni kutenga pesa ya chakula ya wiki siku ya Jumamosi, mara moja, kwenye akiba ya simu. Iliyobaki kwenye salio ni ya mambo mengine. Ukiona pesa ya chakula imeisha Jumatano, unajua kabla ya kukopa. Na mkopo wa simu kwa ajili ya chakula cha mchana ndio mkopo mbaya kuliko yote, kwa sababu unalipa riba ya kitu ambacho umeshakisahau.

Unga, mafuta na ndengu nunua duka moja kwa mkupuo, ulipe kwa namba ya till. Ukilipa kwa till wewe mnunuzi hukatwi, ila ukienda kwa wakala kutoa pesa taslimu unakatwa ada. Anayetoa mia mbili mara tano kwa wiki analipa ada mara tano. Kama mama mboga wako anataka taslimu tu, toa mara moja ya kutosha wiki nzima. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini, na liwe ndilo la duka lile. Namba moja ikikosewa, pesa inakwenda kwa mtu ambaye hata humjui Malindi.

Kwa wateja wetu wa Kakuma na Kalobeyei kuna jambo tunalotaka kulisema wazi. Tangu Bamba Chakula ilipoanza 2015, sehemu ya msaada wa chakula imekuwa ikija kwa simu, na hilo liliwapa watu uhuru wa kuchagua wanunue nini. Lakini mgao umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2025 ulipunguzwa vibaya, na familia nyingi zinaishi kwa deni la dukani. Huko ndiko ilikoingia tabia ya kuacha laini ya simu au kadi, pamoja na PIN, kwa mwenye duka kama dhamana. Tunaelewa kwa nini mtu anafanya hivyo. Watoto wanataka kula leo.

Hata hivyo, tukuombe. Aliye na laini yako na PIN yako ana pesa yako yote, si ile ya deni tu. Akitoa zaidi, huna ushahidi. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana: ukifungwa kwa duka moja huwezi kuuliza bei ya unga duka la pili, kwa hivyo kila kilo unayonunua inaweza kuwa ghali na hujui. Kama ni lazima ukope, andikisheni deni kwenye daftari mbili, lako na la muuzaji, na mlipane kwa simu meseji ikiingia, laini ikiwa mfukoni mwako. Kama tayari umeiacha, ukiirudisha badilisha PIN siku hiyo hiyo. Ni bure, inachukua dakika moja kwenye menyu ya simu yako. Wakala akikwambia umpe PIN yako akusaidie kubadilisha, chukua simu yako uondoke. Sisi wenyewe hatutakuuliza PIN, kwa simu wala ana kwa ana.

Mama mmoja Kalobeyei alituambia alianza kwa kuchanga na majirani watatu. Mmoja ananunua unga wa pakiti kubwa, mwingine mafuta, mwingine ndengu, wanapima kwa kikombe kimoja na kutumiana tofauti kwa simu. Wanatumia jiko moja pia, wakipokezana. Anapika chapo za nyumba nne kwa makaa ya nyumba moja. Sasa majirani wengine wanamwomba awauzie, na ameanza kidogo, asubuhi tu. Tulimpa ushauri mmoja: asimkabidhi mtu chapo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mnunuzi. Meseji inaweza kuandikwa na yeyote. Aangalie simu yake mwenyewe, aone salio limeongezeka, ndipo akunje.

Kuhusu yule mwenzetu wa mara ishirini na mbili. Mwezi uliofuata tulifungua tena stetimenti yake, naye akiwa amekaa pembeni kama mshtakiwa. Kile kibanda kilitokea mara sita. Mara nne kati ya hizo, alituambia, alikuwa amenunua chai tu, saa moja baada ya kula.